Masega

Baba aliponipigia kuniambia amepata mteja wa gari, nilikuwa nimejilaza kitandani Sinza, saa nne asubuhi ya Jumanne, siku ambayo yeye aliamini niko maktaba naandika tasnifu.

"Mteja yupo," alisema. "Ila anataka ile taa izimwe kwanza."

Ile taa niliijua. Ni ya njano, ina umbo la injini ndogo, ilikuwa imewaka kwenye dashibodi tangu Pasaka. Gari lenyewe ni Toyota ndogo nyeupe, namba C, ambalo Baba alilinunua kwa kiinua mgongo baada ya miaka ishirini na tisa ya kuendesha magari ya serikali. Alikuwa analiuza ili alipe ada yangu ya mwaka wa pili wa shahada ya umahiri. Fundi wa pale Kihonda alikuwa ametaja laki tatu na nusu kwa kazi yote, sensa na ufundi.

Ambacho Baba hakukijua ni kwamba mwezi wa tatu nilikuwa nimejaza fomu ya kuahirisha masomo, nikaisaini, nikaipeleka, na tangu hapo sikuwa mwanafunzi wa kitu chochote. Nilikuwa nafundisha hisabati watoto watatu wa kidato cha nne, nyumba kwa nyumba, na jioni nikirudi nalala.

Nafasi ya kumwambia ilikuwa pale pale. Badala yake nikasema, "Baba, usimpe fundi hela. Nitakuja kubadilisha mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe?"

Nami nikajiona nimeokoka, kwa sababu kubadilisha sensa mbili za gari kulionekana kazi nyepesi kuliko ile sentensi nyingine.

Pasaka nilikuwa nimenunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, kinachozungumza na simu kwa bluetooth. Kilitoa namba mbili. P0135: kipasha joto cha sensa ya oksijeni ya mbele kina hitilafu. P0420: masega, yale yanayosafisha moshi kwenye ekzosi, hayafanyi kazi inavyotakiwa. Hiyo ya pili niliipuuza. Niliposoma kwamba wakati mwingine huletwa na sensa ya nyuma iliyochoka, niliridhika na maelezo hayo bila kutafuta mengine. Ningekuwa nasahihisha kazi ya mwanafunzi ningeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: umechagua jibu unalolipenda.

Sensa ya oksijeni ina umbo la plagi yenye mkia wa nyaya. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia iliyofinyangwa kama kastabini: upande wa nje unaguswa na moshi, upande wa ndani unaguswa na hewa safi. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili inazalisha umeme kidogo sana. Petroli ikizidi, volti zinakaribia 0.9. Hewa ikizidi, zinashuka karibu na 0.1. Kompyuta ya gari inasoma, inapunguza mafuta, inasoma tena, inaongeza, mara nyingi kwa dakika, ikitafuta ule uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kwenye skrini ya simu unaona mstari unaopanda na kushuka bila kuchoka. Bosch walianza kuzalisha sensa hizi mwaka 1976, na Volvo ndio waliotangulia kuzifunga kwenye magari yao ya soko la Marekani. Kabla ya hapo injini ilikuwa inakisia tu.

Tatizo ni kwamba kauri hiyo haifanyi kazi ikiwa baridi. Inataka joto la nyuzi 300 hivi na zaidi, ndiyo maana imewekewa kipasha joto ndani yake, waya mwembamba kama ule wa pasi. Kipasha joto chetu kilikuwa kimekatika. Gari likiwashwa asubuhi, sensa ilikaa kimya muda mrefu, na kompyuta, kwa kukosa habari, ikawa inamwaga mafuta kwa tahadhari. Baba alikuwa amelalamika miezi mingi kwamba gari linakunywa petroli, nasi tukamwambia ni bei ya mafuta iliyopanda.

Mstari wa sensa iliyokufa mimi naufahamu vizuri. Tasnifu yangu ni ya takwimu za mvua, na sababu ya kukwama kwangu ilikuwa kituo kimoja ambacho kwa miezi kadhaa kiliandika namba ile ile kila siku. Kila siku, masika na kiangazi. Chombo kiliharibika, mtu akaendelea kujaza daftari. Nilikuwa nimejenga sura mbili nzima juu ya namba hizo kabla sijagundua. Msimamizi wangu alisoma, akaandika kwa upole, "Anza upya kuanzia data." Upole wake ndio ulionimaliza. Angenigombeza ningekasirika, ningefanya kazi.

Spea nilizinunua Dar kabla ya kupanda treni. Pale Gerezani nilizunguka maduka sita. Kila duka liliniwekea mezani boksi lile lile jeupe na jekundu, kwa bei tofauti kabisa. Kijana mmoja alinifafanulia bila aibu: "Dada, hii ni orijino, na hii ni orijino ya China." Nilikuwa na maltimita yangu kwenye begi, nikaomba kupima. Nyaya mbili nyeusi ni za kipasha joto, ya bluu ni ya ishara, nyeupe ni ya kurudishia. Ukigusa zile nyeusi mbili lazima upate omu chache. Ukikosa kabisa, kipasha joto hakipo au kimekufa. Ile ya kwanza aliyoniletea haikusoma chochote. Aliitazama maltimita kama mtu aliyesalitiwa, akaenda nyuma ya duka, akarudi na nyingine. Nikachukua mpya ya mbele, na ya nyuma nikachukua ya mtumba iliyopimwa mbele ya macho yangu. Hela yangu ya miezi miwili ya tuisheni iliishia hapo.

Jumamosi asubuhi Baba alikuwa ameshajipanga. Alikuwa ameweka kiti cha plastiki chini ya mwembe, redio pembeni, na juu ya gunia ametandaza spana zake zote kwa mpangilio wa ukubwa, kuanzia nane mpaka thelathini na mbili. Zile spana ana nazo tangu enzi za Land Rover. Wakati ule, anasema, gari halikuwa na taa ya kulalamika, likiumwa ulilisikia. Na sensa zenyewe zisingedumu: petroli ilikuwa na risasi, na risasi inaua sensa na masega. Huku kwetu kusini mwa Sahara iliondolewa kabisa mwanzoni mwa 2006, na Baba alikuwa barabarani muda wote huo.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja, unatetemeka. Daktari alishasema ni Parkinson, ana vidonge vyake, lakini asubuhi kabla havijafanya kazi mkono huo una maisha yake mwenyewe. Haendeshi tena zaidi ya kwenda Msamvu na kurudi, na hata huko Mama hupanda naye akijifanya ana shida sokoni. Sababu ya kuuza gari ilikuwa ada yangu, ndivyo ilivyosemwa. Nadhani ada yangu pia ilimpa njia ya kuacha kuendesha bila kuambiwa na mtu aache.

Kazi ikaanza. Yeye alizungumza, mimi nilifanya. Aliniagiza niweke mawe kwenye matairi ya nyuma, ninyanyue kwa jeki, niweke stendi mbili, halafu nilaze tairi la akiba chini ya ubavu wa gari. Nikamwambia stendi zinatosha. "Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kuaminia. Na stendi nazo nimeona zikilala." Nikaweka tairi.

Tukawasha injini dakika tano, tukazima, maana chuma chenye joto kidogo kinaachia kirahisi kuliko kilichopoa. Sensa ya mbele imekaa mahali ambapo mkono unaingia lakini macho hayafiki. Nilichomoa soketi ya nyaya kwanza, nikapulizia dawa ya kutu, tukasubiri. Spana ya ishirini na mbili ikashika. Nikavuta, kimya. Nikavuta tena, spana ikateleza, kiganja kikagonga chuma cha moto na nikatoa neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya baba yangu.

Akajifanya kusikiliza redio.

"Usivute kwa mkono," alisema baadaye. "Vuta kwa mgongo. Na usivute polepole, gonga. Kutu haijui kubembelezwa."

Alisimama, akaja, akaweka mkono wake juu ya wangu kunionyesha pembe ya spana. Mtetemo wake ukaingia mkononi mwangu kupitia kile chuma. Tulikaa hivyo sekunde chache. Kisha akauondoa akaurudisha mfukoni, akaenda kukaa. Nikagonga mara mbili kwa ngumi, na sensa ikaachia kwa mlio mkali kama wa bawaba ya mlango wa kanisa.

Ilikuwa nyeusi tii, imefunikwa masizi. Nikaipima nyaya zake nyeusi: hakuna kitu. Nikampelekea Baba maltimita akaitazama kwa muda, akatikisa kichwa. Alifurahi, nadhani, kwamba ugonjwa umeonekana. Mpya niliifunga kwa mkono kwanza mpaka ikagoma, kisha spana, bila kulazimisha. Hapo Mama akaleta chai na mihogo, akauliza kama nimeungua, akarudi ndani. Mama alikuwa anawahi kikoba. Saa tano ilikuwa haijafika na nilijiona fundi.

Ya nyuma iko chini ya gari, baada ya chungu cha masega. Nikatandika boksi, nikaingia chali. Ukilala chini ya gari dunia inakuwa fupi: niliona matairi, majani makavu ya mwembe, na miguu ya Baba ndani ya makobazi. Sensa ya nyuma ilitoka bila shida yoyote, na hilo lilinishangaza. Kitu kilichokaa humo miaka yote hakipaswi kutoka kama kizibo. Nikaangaza tochi ya simu. Nyuzi za skrubu zilikuwa safi, zina grisi.

Ndipo nikauona mshono. Chungu cha masega kilikuwa kimekatwa ubavuni na kuchomelewa tena, kazi ya haraka, vidonda vidonda vya chuma vilivyopakwa rangi ya fedha. Nikakigonga kwa spana. Kililia kama debe tupu.

Nikagonga tena. Redio ikapunguzwa sauti.

"Baba, masega yako wapi?"

Miguu haikujibu. Kobazi la kulia lilisogea kidogo, likarudi.

Kwa asiyejua: ndani ya chungu hicho kuna kauri yenye matundu mengi madogo, ndiyo maana mafundi huita masega, na matundu hayo yamepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa ajili hiyo yana soko. Mtu anapita gereji, anayanunua, gari linachomelewa na kuendelea na safari, moshi unatoka ulivyo. Gari haliumwi. Ila sensa ya nyuma, ambayo kazi yake kuu ni kuthibitisha kwamba masega yanasafisha, inaona moshi ule ule aliouona mwenzake wa mbele, na inasema. P0420. Ilikuwa imeisema miezi yote hiyo.

"Niliyatoa," alisema Baba.

"Lini?"

"Mwaka ule unaanza chuo. Mwezi wa kumi."

Nilikumbuka mwezi wa kumi. Ada ya muhula wa kwanza ilikuwa imeingia kwenye simu yangu mara mbili, fungu kubwa kwanza, na laki tatu kasoro zikaja siku nne baadaye. Nilimuuliza wakati ule, akasema ni SACCOS. Nilimjibu kwa alama ya mikono iliyofumbatana, ile ya njano.

"Fundi alisema halina madhara," aliongeza. "Taa haikuwaka wakati ule. Sikujua itakuja kuwaka."

Nilikuwa nimelala pale, uso wangu sentimita thelathini kutoka kwenye kile chungu kitupu, spana kifuani. Nikawaza jinsi nilivyotumia hizo laki tatu kasoro. Zilikwenda kwenye ada kweli, kila shilingi. Ada ya kitu nilichokiacha. Na kama nisingekuwa chini ya gari, kama ningekuwa nimekaa naye tukitazamana, nina hakika nisingesema. Niliiambia ile bomba.

"Baba, mimi sipo chuo. Niliahirisha tangu mwezi wa tatu."

Hakuna gari lililopita barabarani, hakuna jogoo. Ningependa kusema kulikuwa na jogoo. Kulikuwa na mtangazaji wa redio kwa sauti ya chini, akisoma matangazo ya vifo.

"Umeshika spana ya ngapi hapo?" Baba aliuliza.

"Ishirini na mbili."

"Uko chali. Kukaza kwako sasa kutakuonekea kama kunakwenda upande mwingine. Angalia usiharibu nyuzi."

Nikafunga sensa ya mtumba. Mikono yangu nayo ilikuwa inatetemeka, na skrubu ilipotea njia mara tatu kabla haijakubali. Nilipotoka chini ya gari alikuwa ameingia ndani.

Hatukulizungumza mchana. Nilifuta namba kwa simu, taa ikazima, nikawasha injini na kutazama mstari wa sensa ya mbele ukianza kupanda na kushuka, upesi kuliko nilivyotarajia. Mstari wa nyuma ulipaswa kutulia, karibu unyooke. Kwenye gari lenye masega hivyo ndivyo inavyokuwa. Wetu ulicheza sawasawa na wa mbele, kama mtoto anayeiga mkubwa wake. Nikajua taa itarudi. Kompyuta haiwaki siku hiyo hiyo kwa kosa hili. Inapima safari moja, inapima nyingine, ikiona jibu ni lile lile ndipo inawasha.

Usiku, Mama akiwa amelala, Baba alikuja kukaa sebuleni nilipokuwa naangalia taarifa ya habari bila kuisikiliza.

"Mwezi wa tatu," alisema.

"Ndiyo Baba."

"Miezi mitano. Ulikuwa unakula nini?"

Nikamweleza kuhusu tuisheni. Nikamweleza kuhusu kituo cha mvua na zile namba zinazofanana. Hapo alisogea mbele kwenye kiti, kwa sababu alilijua jambo hilo. Miaka ya nyuma, alisema, daftari la safari za gari lilijazwa hivyo hivyo ofisini: odomita imekufa, kila mtu anaandika kilomita 80, Iringa kilomita 80, Dodoma kilomita 80. "Na mimi niliandika," akasema. Aliona jambo hilo linachekesha. Mimi nilijiuliza ni mwanafunzi gani mahali fulani alijenga sura mbili juu ya kilomita za baba yangu.

Hakuniuliza kama nitarudi chuo. Nilisubiri aniulize.

Taa iliwaka Jumanne jioni, nikiwa naendesha mimi, karibu na kituo cha mabasi. Mteja alikuja Alhamisi. Nilikuwa tayari nimefuta tena namba asubuhi hiyo. Taa ilikuwa imezimika, gari limeoshwa, na mtu asiye na kifaa asingejua kitu kwa siku mbili au tatu. Nakiri nilifanya hivyo makusudi. Yule bwana alizunguka gari, akapiga tairi teke kama wanavyofanya wote, akawasha, akatazama dashibodi, akaridhika. Akaanza kutoa bahasha.

"Halina masega," Baba alisema. "Niliyauza. Taa itakuja kuwaka Jumamosi."

Mteja alimtazama, akanitazama mimi. "Kwani mzee, masega yana kazi gani?" Lakini hapo hapo akapunguza laki sita, na Baba akamwambia atampigia simu. Hakumpigia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ile bei ilikuwa ya dharau, na kwamba haraka ya ada haikuwepo tena, au ilikuwepo? Hapo ndipo aliponiuliza. Nikasema nimemwandikia msimamizi. Haikuwa kweli wakati naisema. Ilikuwa kweli saa mbili baadaye, nikiwa nimekaa kwenye gari uwanjani, simu inaning'inia kwenye chaja, barua pepe ya mistari minne.

Msimamizi alijibu kwa mstari mmoja: nitafute kituo jirani, nilinganishe. Ninavyo vituo viwili sasa, na kimoja kina matundu mengi kuliko data. Mafuta ya gari yanakaa zaidi kuliko zamani, Mama amethibitisha kwa hesabu zake mwenyewe, zisizo na makosa. Masega mapya hatuna hela nayo.

Nikienda nyumbani ndiye mimi ninayeendesha. Baba amebandika kipande cha plasta ya kidonda juu ya ile taa. Nimekibandua mara mbili, nikikaa siku chache nakikuta amebandika kingine.